Sura ya Sita: Hewa ya Lukwangule

Safari yangu ya kwanza ya ndege ilikuwa ya Dar es Salaam kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Nilipata kiti cha dirishani, upande wa kulia. Dakika kama ishirini baada ya kupaa mawingu yaliachana, na chini nikaiona Uluguru: migongo yake ya kijani, mabonde yake, moshi wa mashamba, na nyuma yake mabati ya Morogoro mjini, nilikozaliwa. Siku nyingine ningefurahi. Lakini palepale ndege ilitikisika, ikashuka kidogo, ikatikisika tena, na mwili ukanigeuka. Moyo ulienda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, na kichwani likabaki neno moja tu: tunaanguka. Jirani yangu aliendelea kusoma gazeti lake. Nilimtazama nikashangaa anawezaje kugeuza kurasa.

Tulitua salama. Kurudi nikapanda basi, na kwa miaka saba iliyofuata nikawa mtu wa mabasi. Nilikosa harusi ya mdogo wangu Mwanza. Nilikosa mafunzo ya wiki mbili Nairobi. Kila mara nilikuwa na sababu ya kuwapa watu, kama si nauli basi mgonjwa nyumbani. Sikumwambia mtu kwamba naogopa. Kwetu mtu mzima akisema anaogopa ndege huchekwa, au huambiwa amwombe Mungu na mazungumzo yakaishia hapo. Nasema kwa uchungu kwamba aibu hiyo ilinidhuru kuliko hofu yenyewe, maana ilinizuia kutafuta msaada.

Cha ajabu ni kwamba sisi watu wa Morogoro tuna sababu kuliko wengi ya kuiogopa barabara. Salum Abdullah, kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na gitaa lake likasikika Afrika Mashariki nzima, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifia ajalini Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 akitoka Dodoma, na chuo kikuu chetu cha kilimo kinabeba jina lake. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Baada ya misiba yote hiyo, bado tunaamka alfajiri, tunakwenda stendi hiyohiyo ya Msamvu, tunapanda basi na kulala usingizi kabla halijafika Chalinze.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Mwaka 2023, kwa hesabu za IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ndege za abiria ziliruka safari zipatazo milioni 37, na ajali yenye vifo ilikuwa moja, ile ya Pokhara, Nepal, iliyoua watu 72. Ipo miaka mibaya zaidi. Desemba 2024 ndege moja tu, pale Muan, Korea Kusini, iliondoka na maisha ya watu 179. Hata ukijumlisha miaka mibaya, barabara na anga havikaribiani.

Nilizijua hesabu hizi zote. Niliwahi hata kuziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Hazikunisaidia kitu, na nadhani wanaowatupia watu wenye hofu takwimu hizi wakidhani wamemaliza kazi hawajawahi kuogopa. Mwaka 1973 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba akili ya mtu hupima uwezekano wa jambo kwa wepesi wa mfano wake kuja kichwani. Ajali ya basi tumeisikia mara nyingi mno, haituachii tena picha. Lakini Mtanzania gani ameisahau asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022? Ndege ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walipiga makasia kwenda kuokoa, mkia ukionekana juu ya maji, na simu zetu zikajaa picha. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Nilikuwa Morogoro, nimekaa sebuleni, na viganja vyangu vilitoka jasho kana kwamba nami nilikuwa mle ndani.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakapanda magari yao. Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kuwa katika mwaka mmoja watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu ya uamuzi huo. Nikisoma habari ile nilijiona mimi mwenyewe, na basi langu la Mbeya.

Aliyenisaidia kwanza ni mjomba wangu, mkulima wa upande wa Mgeta. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito wake. Siku moja tulipanda pamoja kwenda shambani kwake, njia ya kuparamia kwa mikono. Nusu ya safari nikasimama.

"Mjomba, ngoja. Moyo unanienda mbio."

"Si umepanda mlima? Moyo unafanya kazi yake. Kaa, vuta pumzi polepole, toa polepole zaidi. Utatulia wenyewe."

Nikakaa juu ya jiwe. Miguu ilitetemeka, jasho lilinitoka, pumzi ilikuwa fupi, moyo ulipiga hadi masikioni. Baada ya dakika tatu au nne ukatulia. Ndipo nikagundua jambo ambalo lilipaswa kunijia miaka mingi kabla: dalili hizi ndizo zilezile za ndani ya ndege. Mlimani naziita uchovu, angani naziita kifo.

Baadaye nilijifunza kwamba wataalamu wa afya ya akili wanalitumia jambo hili makusudi. Anayeogopa mapigo ya moyo wake mwenyewe humkimbiza papo hapo aliposimama, au humzungusha kwenye kiti mpaka ashikwe na kizunguzungu, au humpa mrija mwembamba apumulie, hadi mwili uzoee kuwa msisimko ule hauui. Wao wana viti na mirija. Mimi nilikuwa na Uluguru mlangoni.

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, nilipanda Morningside. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Morningside, penye nyumba ya kale ya Wajerumani, iko kama mita 1,300. Unaondoka alfajiri, unaupita mto Morogoro ukiwa bado na ukungu, na unakutana na kina mama wanaoteremka na matenga ya mboga na ndizi kichwani kuwahi soko. Nilianza kuwatazama wanavyopumua. Wanapopanda kurudi hawasemi. Hatua mbili pumzi inaingia, hatua nne inatoka, na uso hauonyeshi haraka yoyote. Niliwaiga. Penye mwinuko mkali nilijilazimisha kwenda haraka hadi moyo upige kwa nguvu, kisha nasimama, nauweka mkono kifuani, nausikiliza ukipungua. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asifanye hivi kabla ya kumwona daktari. Kwa wengine, sijui dawa ya bei nafuu kuliko hii.

Kupumua kwa kina mama wale kuna maelezo yake. Mtu mwenye hofu huhema haraka na kutoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa. Hewa ukaa ikipungua damuni, mishipa ya damu ya ubongo hujibana, kichwa huwa chepesi, vidole na midomo hufa ganzi. Mtu huhisi anakosa hewa, huhema zaidi, na mambo huzidi. Pumzi ndefu ya kutoka huuvunja mzunguko huo na kuupunguza moyo mwendo. Pumzi kama sita kwa dakika zinatosha. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu waliosali rozari kwa Kilatini, wakakuta kwamba sala ile huishusha pumzi hadi karibu na hiyo sita. Morogoro ina misikiti na makanisa ya kutosha, kwa hiyo wengi wetu tayari tunacho kifaa hiki mfukoni. Shanga za tasbihi au za rozari, moja kwa kila pumzi ndefu inayotoka, ni mazoezi kamili. Ninayo tasbihi ya bibi yangu, nasafiri nayo.

Siku moja nilifika hadi juu kabisa, kwenye uwanda wa Lukwangule, pamoja na vijana wanaoijua njia. Huko ni nyasi, ukungu na baridi, na vilele vya jirani vinazidi mita 2,600. Nilijipumzisha, nikanywa chai. Hewa ilikuwa nyepesi lakini inatosha. Ni baadaye sana nilipojua kuwa ndani ya ndege ya abiria, hata ikiwa mita 11,000 juu, shinikizo la hewa huwekwa lilingane na la mahali penye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Yaani unapoketi pale na kudhani hewa itaisha, mapafu yako yako Lukwangule. Katika Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2018, shinikizo huongezwa zaidi, hadi la mita 1,800 hivi, na hiyo ni chini ya kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano tunayoiona kutoka mjini. Watu wanalima katika mwinuko wa namna hiyo, wanaimba, wanabeba watoto mgongoni. Habari hii ilinituliza kuliko takwimu zote za ajali, labda kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeshafika huko kwa miguu.

Ilibaki mitikisiko. Hapa pia mlima ulinisaidia. Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa umebeba unyevu, husafiri juu ya tambarare bila kizuizi, kisha hugonga miteremko ya mashariki: Kinole, Tegetero, Matombo. Hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda hupoa, unyevu wake hugeuka wingu, na wingu hugeuka mvua. Sehemu za miteremko hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mji wa Morogoro, ulio upande wa pili kwenye kivuli cha mlima, hauifikii nusu ya hiyo. Vizazi kwa vizazi watu wa Kinole walimwendea Kingalu, chifu na bwana wa mvua, kwa habari ya mawingu haya, na soko kuu la mji wetu linaitwa kwa jina lake. Vijito vya mlima huu huungana kuwa Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam.

Sasa, hewa iliyopandishwa na mlima haitulii mara moja. Ikivuka kilele hushuka, hupanda tena, hushuka tena, kama maji ya mto yaliyopita juu ya jiwe. Ndege ikipita humo hupanda na kushuka pamoja nayo. Mchana jua likishika tambarare za Mkata, hewa ya moto nayo huinuka kwa mafungu, na mitikisiko huongezeka. Ndiyo maana safari ya asubuhi huwa tulivu kuliko ya saa tisa alasiri, na kiti cha karibu na mabawa hutikisika kidogo kuliko cha mkiani. Kata tiketi ya asubuhi. Omba kiti cha usawa wa bawa. Usione haya kuomba.

Abiria huhisi ndege imeporomoka kama jiwe kisimani, lakini mara nyingi imeshuka mita chache tu. Nitatoa mfano mkali, kwa sababu mwenye hofu hukataa mifano laini. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines kutoka London ilikumbwa na mtikisiko mbaya juu ya Myanmar. Ilishuka mita 54 katika sekunde zisizofika tano. Abiria mmoja alifariki na makumi waliumia, wasiofunga mikanda wakirushwa hadi darini. Ndege yenyewe ilitua Bangkok ikiwa nzima. Nilichojifunza hapo ni kufunga mkanda muda wote niketipo, taa iwake isiwake. Na bawa nililoliona likipindapinda siku ile ya kwanza limetengenezwa lipinde. Machi 2010, Boeing walipolikunja bawa la 787 katika majaribio, ncha yake iliinuliwa zaidi ya mita 7, na halikuvunjika.

Sauti nazo zijue kabla hazijakushtua. Muda mfupi baada ya kupaa kuna kishindo chini ya miguu: ni magurudumu yanayoingia tumboni. Kisha injini hupunguza mngurumo na utahisi kama ndege inazama. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kuondokea ardhini haihitajiki tena. Karibu na kutua vibao vya nyuma ya mabawa hutoka kwa mlio mrefu. Masikio yakiziba, meza mate, tafuna kitu. Anayeteremka Uluguru kwa gari anaijua hali hiyo.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nikiuharibu kwa kutazama video za ajali hadi saa nane. Sasa simu inalala chumba kingine. Nafungasha mapema, mchana, na begi linabaki mlangoni. Jioni nakunywa chai ya mchaichai, kahawa nimeiacha kabisa siku hiyo na siku ya safari, maana kahawa huuongeza moyo mwendo nami sihitaji msaada huo. Pombe inadanganya: hutuliza kwa nusu saa, kisha hukausha mwili na kurudisha wasiwasi ukiwa mkubwa zaidi. Na vidonge vya usingizi vya kuazima kwa shangazi, tafadhali, usivimeze. Hofu ikikushinda kabisa, ikakunyima usingizi kwa wiki nzima au ikakukamata hata ukiwa nyumbani, nenda hospitali uulize idara ya afya ya akili. Hofu hii inatibika, na wanaoitibu wapo.

Kabla ya kulala nakaza na kuachia misuli, kuanzia vidole vya miguu: nakaza nikihesabu hadi tano, naachia nikihesabu hadi kumi, napanda hadi mapaja, tumbo, mabega, taya. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1929. Kinachoisaidia ni mazoea. Ukiifanya kila usiku kwa mwezi, mwili unaikumbuka hata ukiwa umefungwa mkanda na mlango umeshafungwa. Mfukoni naweka kipande cha mdalasini kutoka Matombo. Nikinusa, nipo kwenye uwanja wa nyumba ya bibi baada ya mvua, gome likianikwa juu ya mkeka. Pua hufika nyumbani haraka kuliko mawazo.

Na usianze na safari ndefu. Treni ya umeme ilipoanza kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, niliipanda nikiwa nimefumba macho kwa kituo kizima, nikizoea kwenda kasi nisiyoimudu mimi. Wiki nyingine nikaenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam bila tiketi, nikakaa nje nikitazama ndege zikipaa, moja baada ya nyingine, mpaka nikachoka kuzitazama. Kuchoka kule kulikuwa ushindi. Kisha nikakata tiketi ya Unguja. Ni dakika ishirini tu. Nilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, nikashuka, nikala urojo, nikarudi kwa ndege siku hiyohiyo.

Safari ya Songwe niliirudia asubuhi moja ya mwezi wa saba, kusi likivuma. Nilikaa palepale, dirishani, upande wa kulia. Pembeni yangu alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kitenge, mikono ameibana magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza hii."

Tulipofika karibu na Uluguru taa ya mikanda iliwaka na ndege ikaanza kutikisika. Moyo wangu ulienda mbio, kama nilivyotarajia. Nikaweka mkono kifuani, nikatoa pumzi moja ndefu, nikasukuma shanga moja. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Nikatoa kipande cha mdalasini nikakivunja katikati, nikampa nusu.

Alinusa. Akafumbua jicho moja.

"Huu wa wapi?"

"Wa Matombo, mama. Angalia, ni hapo chini, penye wingu."

Akainama juu yangu kuchungulia dirishani, na hakurudi kitini mpaka milima ilipoisha.